Honda Big Red ya 1984 kwenye mchanga wa Mambrui, na fundi wa Maweni aliyeifufua

Mimi kazi yangu samaki. Nachukua kwa wavuvi wanaoshukia madiko ya kaskazini mwa Mambrui, kule ambako lami imeiacha bahari mbali na katikati pana vilima vya mchanga, kisha nauza Malindi kwa mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuuza, na kwa mikahawa. Kwa njia ile boda huzama, na gari dogo halithubutu kabisa. Punda anafika, sina neno na punda, lakini jua la saa tano likikukuta njiani barafu imeshakuwa maji na nguru macho yameanza kuingia ndani. Ndiyo nikanunua Honda kuukuu ya magurudumu matatu, ATC200ES, ile inayojulikana kama Big Red, ya mwaka 1984, na matengenezo yake nikamkabidhi fundi mmoja wa Maweni, Malindi, ambaye kazi yake ya kila siku ni boda.

Natathmini vyote viwili hapa, chombo na fundi, kwa sababu kila siku nasimamishwa njiani naulizwa, "Mama, hii umeipata wapi?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nani ananitengenezea, na hilo ndilo swali la kuanza nalo kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa asiyeifahamu, hii si tuktuk. Haina paa wala mlango wala kiti cha abiria. Ni usukani wa pikipiki, kiti kimoja, tairi moja nene mbele na mbili nyuma, na kichanja cha chuma mbele na nyuma cha kufungia mizigo. Honda walianza kuuza aina hii mwaka 1970 kwa jina la US90, ambalo baadaye lilibadilishwa likawa ATC90, na ya kwangu ni miongoni mwa zile zilizokuja baadaye zikiwa zimekusudiwa kazi ya shamba. Injini ni ya silinda moja, cc 192, mipigo minne, inapozwa na upepo. Gia ni tano na iko ya kurudi nyuma, klachi inajishika yenyewe, unawasha kwa stata ya umeme au kwa kuvuta kamba. Na jambo lililonifanya niichague hii na si nyingine: nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani, hakuna mnyororo. Anayeishi ufukweni anajua mnyororo unafanywa nini na mchanga wenye chumvi.

Mpya hazipo. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani waache kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu kule, kwa sababu ya watu kuumia na kufa, watoto wakiwemo, na soko likahamia kwenye za magurudumu manne. Kwa hiyo yoyote utakayoiona leo ni mzee wa karibu miaka arubaini au zaidi, na imeshapita mikononi mwa watu usiowajua. Ya kwangu ilikuwa ya Mtaliano mmoja aliyekuwa na nyumba ufukweni. Aliondoka, nyumba ikabaki na mlinzi, Honda ikabaki chini ya banda la makuti ikila upepo wa bahari, kusi kwa kaskazi. Nililipa shilingi 85,000 na barua ya mauzo.

Kabla ya kulipa nilikwenda na fundi akaikague. Hakuuliza imetembea kiasi gani, wala hakugusa rangi. Alivuta kamba ya kuwashia polepole, bila kutaka iwake, akisikiliza mkono wake unavyokataliwa na pistoni. "Kompresheni ipo," akasema. Akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili akalitikisa kwenda na kurudi: likacheza, beringi zimekwisha. Akalala chini akagongagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi, hasa pale chini ambapo vyuma vya kuwekea miguu vimeungwa, kwa sababu maji ya chumvi hukaa hapo. Sauti ya chuma kizima na sauti ya kutu iliyovimba hata mimi nilizitofautisha. Mwisho akafungua bolti ya kutolea oili ya gia za nyuma, kule shafti inakokutana na ekseli. Ikatoka nyeupe, nzito kama tui la kwanza. Maji yalikuwa yameingia. Akachovya kidole, akakisugua na cha gumba akitafuta chembe za chuma. Hakupata. "Ingekuwa na mchanga wa chuma ningekwambia twende zetu," akasema. "Hii maji yameingia, lakini meno hayajaliwa." Kwa ukaguzi ule bei ilishuka kutoka 110,000, na yeye nilimlipa nauli na chakula cha mchana tu, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Niseme na hili. Kwa kuwa fundi wa Maweni siku hizo alikuwa na kazi nyingi, chombo kilipitia kwanza gereji nyingine ya mjini, ambayo sitaitaja. Walichofanya huko kilinifundisha nini cha kukataa. Siku ya pili tu walishanipigia kusema injini hii imepitwa, tuitoe, tuweke ya boda, na shafti tuikate tutie mnyororo. Hawakuwa wamefungua kitu. Walipojaribu kufungua kifuniko cha pembeni waliharibu vichwa vya skrubu, vingine wakavipiga kwa patasi. Skrubu za Kijapani za miaka ile zina alama ya msalaba, lakini msalaba wake haulingani sawasawa na bisibisi za kawaida tunazouziwa madukani. Ukikaza kwa nguvu bisibisi inaruka na kichwa kinabaki mviringo. Fundi anayejua huisaga ncha kidogo ikae hadi chini, kisha huigonga kwa nyundo mara moja kulegeza kutu ndipo azungushe. Nikaichukua Honda yangu, nikaipakia kwenye pikapu, nikaipeleka Maweni.

Gereji yenyewe usitarajie jengo. Ni mwarobaini mkubwa, kontena la kufungia vifaa, meza ya mbao iliyolowa oili, na boda nyingi zimesimama zikingoja. Fundi ni mtu wa makamo, mpole, hapendi maneno. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Dada, usinipe pesa ya spea leo. Nipe ya mafuta ya taa na ya siki. Tuifungue kwanza tuone inaumwa nini."

Siki ilikuwa ya tanki. Ndani palikuwa na kutu ya kumwaga, rangi ya maji ya mto Sabaki wakati wa mvua. Alitia siki na nati nyingi ndogondogo, akafunga, akatikisa, akaacha ilale, akatikisa tena kesho yake, hadi chuma kikaanza kung'aa. Akasuuza, akakausha juani, na papo hapo akapaka oili kidogo ndani, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki kinaota kutu upya kabla hujamaliza chai. Kisha kwenye mpira wa petroli akachomeka filta ndogo ya plastiki ya boda. Ni kitu cha pesa kidogo sana, na naamini ndicho kilichookoa kabureta mpaka leo.

Kabureta niliikalia kitako nikaitazama ikifunguliwa, maana nilitaka kujua pesa yangu inakwenda wapi. Petroli iliyoachwa ndani miaka mingi hukauka ikawa gundi ya kijani kibichi, yenye harufu ya rangi iliyochacha. Tundu la jeti ndogo, ile ya mwendo wa taratibu, lilikuwa limeziba kabisa. Ukilielekeza juani huoni nuru. Kijana wake alitaka kulizibua kwa waya wa kebo ya breki. Fundi akamzuia mkono. Akakata kipande cha waya wa taa, akauchuna, akachomoa uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, akaupitisha. "Shaba ni laini, haikwaruzi tundu. Ukilipanua hili kidogo tu, injini itakunywa petroli na haitatulia maisha." Akapuliza, akaniinulia juani. Nikaiona nuru, duara dogo kama nukta. Nimewaona mafundi wengi; anayemweleza mwanafunzi sababu na si kumpiga kofi ni wa kushika.

Alikataa pia kuweka kabureta mpya za bei rahisi zinazoigiza zile za Honda, ingawa niliona picha zake na nikashawishika. Hoja yake ilikuwa kwamba ya zamani mwili wake mzima, kinachochakaa ni mipira na sindano, na hivyo vinauzwa pekee. Tuliagiza kifurushi cha mipira na jeti kutoka nje kupitia wakala wa mizigo. Kilichelewa, lakini kilikaa sawasawa, na injini ikawaka kwa kamba kabla hata betri haijafungwa.

Sasa spea, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Watu wanadhani kila kitu lazima kitoke Japani. Plagi yake ni D8EA, na hiyo iko kwenye kila duka la spea za boda, kwa sababu pikipiki nyingi za 125 zinatumia hiyo hiyo. Betri ni ya volti 12, utapata ya kukaa vizuri. Kebo za breki na za kuongezea moto fundi alizitengeneza mwenyewe: ganda la boda, waya wa boda, na kichwa cha risasi alichokiyeyusha mwishoni. Beringi usiombe kwa jina la Honda. Beringi ina namba imechorwa pembeni, na namba ile ni ya dunia nzima. Peleka iliyokufa kwenye duka la beringi Mombasa, wataiangalia namba wakupe nzima, na unachagua mwenyewe ya bei gani. Sili za oili vivyo hivyo, ila hizo vipimo ni vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Viatu vya breki havikununuliwa. Vilibandikwa laini mpya, ule utando unaosuguana na ngoma, Mombasa.

Vilivyobaki ni vigumu kweli. CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoiamuru plagi itoe cheche, ni ya kuagiza. Mpira unaounganisha kabureta na injini ni wa kuagiza, na ukipasuka hata ufa mdogo hewa inaingia na injini inapandisha kelele peke yake. Tairi ndizo msiba mkubwa zaidi. Saizi ni 25x12-9, na mimi Malindi sikuzipata, Mombasa sikuzipata. Za nyuma zangu zilikuwa na nyufa lakini nyuzi nzima, fundi akazitia tyubu. Nyuma ya vilima kuna miba ya migunga inayopenya chochote, kwa hiyo pancha ni sehemu ya maisha. Usinunue chombo hiki ikiwa tairi zake zimeoza mpaka nyuzi zinaonekana, hata ukipewa kwa nusu ya bei niliyolipa mimi.

Na kwa kuwa tuko kwenye tairi, nieleze kitu ambacho madereva wa mchangani hukosea. Tairi hizi ndizo springi za nyuma, hakuna nyingine huko. Upepo wake ni paundi mbili au tatu tu. Kipimo cha kituo cha petroli hakisomi hata namba hiyo, na kijana wa pampu ukimwachia atazijaza mpaka chombo kinadunda. Fundi alipima kwa pampu ya baiskeli na futi ya fundi cherehani. Anaizungusha futi kwenye tairi la kushoto, anasoma mzunguko, anakwenda la kulia, anaongeza au kupunguza mpaka zilingane. Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Nyuma hakuna difrensha. Ekseli ni moja, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Tairi moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, chombo kinavuta upande mmoja siku nzima na mkono wako ndio unaolipa. Tangu hapo futi inakaa ndani ya mkoba wangu wa vifaa.

Ekseli hiyo hiyo moja ndiyo inayotaka akili kwenye kona. Usukani peke yake hautoshi, chombo kitakwenda moja kwa moja kikikuburura. Unakandamiza mguu wa upande wa nje wa kona, mwili unauegemeza ndani, kinakubali. Na mguu usiushushe chini hata siku moja, hata ukihisi unaanguka, kwa sababu gurudumu la nyuma linakuja palepale na litaupanda. Kilima usikikate mshazari. Ukipande moja kwa moja au ukizunguke. Mzigo wangu mzito, sanduku la barafu, uko nyuma, kwa hiyo kichanja cha mbele nafunga dumu la maji ya kunywa, la sivyo kwenye mwinuko gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki kitu. Abiria sibebi. Mpwa wangu wa darasa la saba ameniomba akachoka, na jibu langu litabaki lilelile mpaka awe mtu mzima. Helmeti navaa, hata pakiwa hakuna mtu wa kuniona isipokuwa ndege.

Barabara kuu siingii nayo, haina namba. Kutoka Mambrui kuja Malindi samaki wanapanda pikapu, Honda inabaki nyumbani kwa kaka yangu. Ikienda kwa fundi, inapakiwa na kuvushwa daraja la Sabaki, na gharama hiyo lazima uihesabu kama spea nyingine.

Baada ya kukamilika, malipo ya ufundi yalikuwa shilingi 16,000, na spea pamoja na usafirishaji zilipita kidogo 40,000. Kila kilichotolewa alinirudishia ndani ya mfuko: beringi zilizokufa, sili zilizokauka zikawa ngumu, mpira wa zamani. Sikumwomba. Alisema mwenye mali lazima aone alicholipia. Lakini na upungufu wake niuseme. Tarehe zake hazishikiki. Akikwambia Jumatano, panga Jumatano ya pili, na simu hapokei mikono ikiwa na oili, yaani karibu siku nzima. Risiti haandiki, nilinunua daftari mwenyewe tukawa tunasaini. Na kuchomelea si kazi yake: kichanja cha nyuma alikiunga kikawa imara lakini kina matuta, nikampelekea welda akakisawazisha. Ukitaka chombo cha kung'aa cha kupigia picha na watalii, gereji hii si yako. Ukitaka kinachowaka saa kumi na moja alfajiri mashua zinapoingia, nenda. Fundi nampa tisa kwa kumi, Honda saba, na hizo tatu zote zimeliwa na tairi na tabia yake kwenye kona.

Sasa kuitunza, na hapa sitafupisha, kwa sababu bahari haipumziki na chuma hiki hakirudi dukani.

Njia yangu ni kandokando ya maji, kwenye mchanga uliolowa, wakati wa kupwa. Juu ya alama ya maji ya bamvu sipiti, huko ndiko kasa wanakotaga, na mayai yakishafukiwa huwezi kuyajua kwa macho. Tairi hata likiwa laini kiasi gani linakandamiza. Kusini kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi siendi nayo kabisa. Lakini mchanga uliolowa maana yake ni maji ya chumvi yanarushwa chini ya chasisi kila dakika, na hilo nimelikubali likiwa na gharama yake. Kila nikirudi, kabla sijala, naiosha.

Maji ya kuoshea yana maana kuliko sabuni. Kisima cha nyumbani kwa kaka maji yake yana chumvi, ukiosha nayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Naosha kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho, na siku bomba limekauka, ambazo si haba, natumia yaliyowekwa kwenye madumu kwa kazi hiyo tu. Mtu asiyaguse hata kwa kufulia. Nayamwaga kwa kopo na kusugua kwa brashi. Zile mashine za kuoshea magari kwa presha sizikaribishi: presha inasukuma maji kupita sili, yakaingia kwenye beringi na kwenye gia za nyuma, na hapo ndipo tui lile lilipotoka. Baada ya kuosha naiendesha kidogo nikikanyaga breki ili ndani ya ngoma pakauke, kisha naiacha kivulini.

Oili ya gia za nyuma, ile nzito ya 80W-90, naifungua kuitazama mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Rangi ikibadilika tu, natoa yote. Oili ya injini iwe ya pikipiki na si ya gari, kwa sababu oili ile ile inaogesha klachi na gia, na za magari nyingine zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze. Filta ya hewa ni sponji. Naitoa, naiosha kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, naikausha kabisa, naipaka oili na kuikamua kama naikamua nguo ya mtoto, bila kuinyonga isije ikachanika. Sponji kavu haizuii vumbi la Mambrui, ni laini mno lile. Viungio vya waya vyote fundi alivifungua akavipaka vaselini, na tangu hapo taa haijanisumbua. Meno ya shafti, pale inapochomekana, hupakwa grisi nyeusi yenye molibdeni kila gurudumu la nyuma likifunguliwa. Yakikauka yanasagana kimyakimya, na siku yakiisha hakuna boda ya kuazima nyingine.

Valvu hupimwa injini ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa. Fundi alimwachia kijana wake kazi hiyo akiwa na kitabu cha mafundi kwenye simu, akimtafsiria kwa sauti. Mara ya kwanza kijana alikaza mno, fundi akarudia kipimo bila kumwambia neno la kuumiza, akampa tena feleji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu, mkononi: "Isikie. Ipite kwa kusuguana kidogo, isiteleze, isikwame." Sasa kijana anaifanya peke yake, na Honda yangu wakati wa baridi ya asubuhi inashika kwa mvuto mmoja au miwili.

Msimu wa kusi, bahari ikichafuka na samaki wakipungua, ndipo naipeleka Maweni kwa matengenezo makubwa. Ekseli inachomolewa, beringi zinakaguliwa, chasisi inasuguliwa kutu na kupakwa rangi ya kuzuia. Kilichobaki kwenye orodha yangu ni tairi la mbele na ekzosi, ambayo kutu imeanza kuitoboa kwa chini. Fundi ameahidi kuifunika kwa kipande cha bati nene hadi nipate nzima.

Anayetaka kwenda kwake: kutoka barabara kuu uliza fundi wa chini ya mwarobaini, watakuonyesha. Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya swala na harudi. Siku nyingine nenda asubuhi, kabla boda hazijajaa, ukiwa na kipuri chako cha zamani mkononi, hata kama kimevunjika vipande, na daftari la kuandikia malipo.